Fizi: Gari ikizimika kwenye mlima wa Lubondja, fuata njia ya mafuta kabla ya kununua pompi

LUBONDJA – Inaanza kwa kukohoa. Gari imetoka Baraka asubuhi ikiwa nzima, imepita sehemu tambarare bila shida, lakini ikifika kwenye mlima inashtuka-shtuka, inapoteza nguvu, kisha inazimika. Shofere anazungusha ufunguo, moteri inazunguka lakini haiwaki. Abiria wanashuka. Mtu anaokota jiwe na kuliweka nyuma ya gurudumu ili gari isirudi nyuma. Baada ya robo saa gari inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Inatembea kilomita chache, na inazimika tena.

Kwa wanaosafiri kati ya Baraka, Fizi-Centre na vijiji vya milimani kama Lubondja, hali hiyo ni ya kutisha. Teritware ya Fizi, katika jimbo la Kivu Kusini, imeishi miaka mingi na vita vya makundi yenye silaha, na hakuna anayependa giza limkute kando ya barabara na mizigo yake. Juu ya magunia kunaweza kuwa na mama anayepelekwa kujifungua, mgonjwa anayeshushwa hospitalini, au samaki wa ziwa ambao hawawezi kungoja hadi kesho.

Hasara ya pili inakuja baadaye, kwenye garaji. Mara nyingi neno la kwanza linalosikika ni kwamba pompi imekufa. Mwenye gari anatafuta pesa, anatuma mtu Baraka au Uvira, anangoja siku kadhaa, pompi inafika na kufungwa. Gari inapanda mlima uleule na kuzimika mahali palepale. Pesa zimekwisha na ugonjwa bado uko ndani, kwa sababu haukutafutwa. Ulikisiwa tu.

Ugonjwa huo unaweza kutafutwa bila mashine za gharama. Fundi mwenye subira anahitaji chupa safi inayoonyesha ndani, kipande cha tiyo, bisibisi, na kujua mafuta yanapita wapi tangu yanapoingia kwenye tanki hadi yanapowaka.

Barabara inayopanda, mafuta yanayopita mikono mingi

Gari inayotoka Baraka inaanzia karibu na usawa wa Ziwa Tanganyika, ambalo liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Kuelekea Lubondja safari ni ya kupanda. Kwenye tambarare, moteri inakula mafuta kidogo. Kwenye mlima, ikiwa imebeba watu na magunia, inahitaji mengi zaidi kila dakika. Ndiyo maana tiyo iliyozibika nusu inaweza kutosha kabisa mjini na kushindwa mlimani. Mlima hauleti ugonjwa, unauonyesha tu.

Jambo la pili ni mafuta yenyewe. Mbali na vituo vikubwa, esansi na mazutu husafiri katika mapipa na bidoni. Yanamiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine, mara nyingine wakati wa mvua, kabla ya kufika kwa kadafi anayeuza kando ya barabara kwa chupa au kwa lita. Kila mara yanapomiminwa kunaweza kuingia vumbi, kutu ya pipa, nyuzi za kitambaa au maji. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado akauza mafuta machafu, kwa kuwa hakuyachafua yeye.

Magari ya zamani yana tatizo lao pia. Tanki la chuma la miaka 25 au 30 linaota kutu kwa ndani. Kutu hiyo inalala chini wakati gari imesimama, na inatikisika na kusafiri na mafuta gari inapopita kwenye mashimo.

Kwanza: ni mafuta au ni moto?

Moteri ya esansi inahitaji vitu vitatu ili iwake: hewa, mafuta na moto wa buji. Kabla ya kulaumu mafuta, ni lazima kujua kama kweli ndiyo yaliyokosekana. Bobini inayotoa moto wa buji ikizeeka nayo huchoka inapopata joto, gari inazimika, ikipoa inawaka tena. Dalili hizo zinafanana kabisa na za mafuta yaliyokatika, na hapo ndipo watu wengi wanapotea.

Kwa gari yenye kabureta kuna kipimo cha dakika moja ambacho hakigharimu kitu. Gari ikizimika tu, palepale njiani, moteri ikiwa haizunguki, kifuniko cha chujio la hewa kinafunguliwa. Mtu mmoja anatazama ndani ya mdomo wa kabureta kwa pembeni, bila kuinamisha uso juu yake, na mwingine anakanyaga pedali ya mafuta mara moja. Mafuta yakiruka ndani kama mkojo mwembamba, maana yake kabureta ina mafuta, na fundi aende kutazama buji na bobini. Kukiwa kukavu, mafuta hayafiki, na safari ya kuyafuata inaanza.

Kipimo hicho kina maana tu wakati gari imezimika. Kikifanywa baada ya nusu saa, bakuli la kabureta linaweza kuwa limejaa tena polepole, na fundi ataona mafuta na kudanganyika.

Kifuniko cha tanki

Mahali pa kwanza pa kutazama ndipo panapopuuzwa zaidi. Pompi inapovuta mafuta kutoka tankini, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Kwa magari mengi ya zamani hewa hiyo inapita kwenye tundu dogo la kifuniko au kwenye tiyo nyembamba ya kupumulia. Tundu likizibwa na matope, tanki linabaki linavutwa bila kupumua, hadi pompi inashindwa. Gari ikisimama kidogo, hewa inapenya taratibu na gari inawaka. Hii ndiyo sababu ya robo saa ile ya kungoja.

Na kuna magari ambayo kifuniko chake kilipotea zamani. Mahali pake pamewekwa sashe ya plastiki iliyofungwa kwa kipande cha mpira wa gurudumu. Kufunga hivyo kunazuia mafuta kumwagika, lakini pia kunazuia hewa kabisa. Ukiona sashe imevutwa kuelekea ndani ya shingo ya tanki, jibu liko mbele ya macho.

Kipimo ni rahisi. Gari ikizimika, kifuniko kinafunguliwa polepole huku sikio likiwa karibu. Hewa ikiingia kwa mlio wa "fsss" na gari ikawaka mara moja, ugonjwa umepatikana. Dawa yake ni kusafisha tundu, au kutafuta kifuniko chenye tundu la kupumulia. Kutembea bila kifuniko si dawa, kwa sababu esansi itarukaruka nje na maji ya mvua yataingia.

Chupa inayosema ukweli

Hatua ya pili ni kuyatazama mafuta yenyewe. Kidogo kinatolewa kutoka sehemu ya chini ya tanki, kinawekwa kwenye chupa safi inayoonyesha ndani, na chupa inaachwa isimame nusu saa bila kuguswa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya esansi ina gramu kama 740, na ya mazutu kama 840. Kwa hiyo maji yaliyochanganyika yatashuka chini na kufanya tabaka lake, na kutu na mchanga vitaonekana vimelala chini yake.

Esansi iliyoongezwa petroli ya taa ni ngumu zaidi kuitambua kwa macho. Njia ya zamani ni kudondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na kuliacha likauke kivulini. Esansi safi hupotea bila kuacha alama kubwa. Iliyochanganywa na petroli ya taa au mazutu huacha doa la mafuta linalokaa. Kipimo hiki hakina uhakika wa maabara, lakini kinatosha kumfanya shofere abadilishe mahali anaponunua.

Filtri na tiyo

Baada ya tanki, mafuta yanapita kwenye tiyo chini ya gari hadi kwenye filtri. Filtri ndogo ya plastiki inayoonyesha ndani ni rafiki wa fundi, maana uchafu unaonekana bila kufungua kitu. Ikiwa nyeusi au kahawia, ibadilishwe. Kuipuliza kwa mdomo na kuirudisha kunasaidia kufika nyumbani tu. Uchafu uliokwama kwenye karatasi ya ndani hautoki wote, na karatasi ikichanika uchafu unapita moja kwa moja.

Tiyo za mpira zinachunguzwa kwa mkono zikiwa zimepoa. Mpira wa zamani hupasuka karibu na vibanio. Kati ya tanki na pompi, mpasuko mdogo unaweza usitoe tone hata moja la mafuta, kwa sababu sehemu hiyo inavutwa, haisukumwi. Badala ya mafuta kutoka, hewa inaingia, na pompi inavuta hewa. Ndiyo maana kutafuta tone chini ya gari hakutoshi.

Pia kuna tiyo ambazo nje zinaonekana nzima lakini ndani zimevimba na kujifunga. Zile za chuma zinaweza kuwa zimegongwa na jiwe zikabonyea. Anayelala chini ya gari na tochi kwa dakika kumi anaweza kuokoa bei ya pompi.

Kuigawa njia katikati

Kama bado sababu haijaonekana, fundi mzuri anaigawa njia ya mafuta mara mbili. Kwa gari yenye kabureta na pompi ya kusukumwa na moteri, anatoa tiyo inayotoka tankini pale inapoingia kwenye pompi, na kuiziba. Halafu anaunganisha tiyo nyingine safi inayochovya kwenye bidoni ndogo yenye esansi safi, iliyowekwa chini, mbali na moto wa moteri. Gari inawashwa ikiwa imesimama, na moteri inapandishwa mwendo.

Ikiunguruma vizuri bila kukohoa, pompi na kabureta havina kosa, na tatizo liko nyuma: tanki, tiyo au filtri iliyo upande huo. Ikiendelea kuzimika, tatizo liko mbele. Hapo tiyo inayotoka kwenye pompi kwenda kwenye kabureta inaelekezwa ndani ya chupa, moteri inazungushwa kwa ufunguo sekunde chache, na mafuta lazima yaruke kwa nguvu, kwa mapigo. Yakitoka kwa uvivu, sasa kuna ushahidi kwamba utando wa mpira ndani ya pompi umechoka. Yakiruka vizuri na gari bado inazimika, kazi iko ndani ya kabureta: sindano inayonata, au vitundu vidogo vilivyozibwa na uchafu uleule wa tankini.

Kuna pia joto. Esansi inaweza kuchemka ndani ya tiyo iliyo karibu na moteri, hasa mchana, kwenye mlima, mwendo ukiwa mdogo na mzigo ukiwa mzito. Mvuke unajaa tiyo na pompi inashindwa kuusukuma. Kitambaa kilicholowa maji kikiwekwa juu ya pompi na tiyo na gari ikawaka, dalili inaelekea huko. Tiyo isogezwe mbali na chuma cha moto, au iwekewe kinga.

Magari ya sindikizo la umeme

Magari ya esansi yaliyokuja baadaye hayana kabureta. Yana enjekteri, na pompi ya umeme ambayo mara nyingi imekaa ndani ya tanki. Kwa haya, kabla ya kufungua tanki, fundi anaanza na umeme: fyuzi, rele, na waya wa masi uliooza kwa kutu. Rele inayopata joto na kukatika inazima gari sawasawa na pompi iliyokufa, na bei yake ni ndogo kuliko ya pompi.

Magari mengi hutoa mlio mfupi wa pompi nyuma ufunguo unapofika kwenye kontaki. Lakini katika baadhi ya Toyota za zamani pompi haifanyi kazi mpaka moteri ianze kuzunguka, kwa hiyo ukimya kwenye kontaki peke yake si ushahidi. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba pompi hiyo inapozwa na mafuta yanayoizunguka. Shofere anayetembea kila siku na lita mbili tatu tankini anaiunguza taratibu. Tena, mafuta ya mfumo huu yako chini ya nguvu kubwa hata moteri ikiwa imezimwa, kwa hiyo tiyo haifunguliwi ovyo.

Mazutu: adui ni hewa na maji

Land Cruiser na kamyo nyingi za milimani zinatumia mazutu, na hizo hazina buji za kuwasha. Kwao, gari inayozimika mlimani au inayokataa kuwaka asubuhi mara nyingi imeingiza hewa. Wakati gari imelala, hewa inapenya kwenye mpasuko mdogo na mazutu inarudi tankini. Asubuhi shofere anazungusha moteri hadi bateri inachoka.

Fundi anaweka kipande cha tiyo inayoonyesha ndani kabla ya pompi na kutazama. Mapovu yakipita, anafuata njia nyuma, kibanio kwa kibanio, mpaka yanapokoma. Kitufe cha kusukuma kwa mkono kilicho juu ya filtri kinasaidia pia: kikibaki laini hata baada ya kusukumwa mara nyingi, mafuta hayafiki au hewa inaingia. Chini ya filtri nyingi kuna skurubu ya kutolea maji. Kuifungua kila wiki wakati wa mvua ni kazi ya dakika tano.

Kazi hiyo ina thamani, kwa sababu pompi za mazutu za kuzunguka zinazotumika kwenye magari mengi ya zamani hulainishwa na mazutu yenyewe. Maji, esansi au petroli ya taa ikiingia humo, vyuma vinasagana. Hapo pompi inakufa kweli, na matengenezo yake ni ghali kuliko yote yaliyotajwa hapa.

Usiokoe gari ukapoteza mtu

Esansi hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata wakati wa baridi, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kukusanyika kwenye mashimo. Kazi hii inafanywa nje, abiria wakiwa mbali, bila sigara, bila mshumaa, bila makaa ya chakula karibu. Usiku inatumika tochi. Mchanga au udongo uwe tayari. Maji hayazimi moto wa esansi, yanautawanya.

Kuna desturi ya kufunga bidoni ya esansi juu ya gari au kuibeba ndani na kuileta kwa tiyo moja kwa moja kwenye kabureta ili gari "ifike tu". Tiyo ikichomoka kwenye barabara ya mashimo, esansi inamwagika juu ya chuma cha moto huku watu wako ndani. Bidoni inafaa kwa kipimo, gari ikiwa imesimama, na hapo iishie.

Kuvuta esansi kwa mdomo nako kumezoeleka. Tone linaloingia kwenye mapafu linaweza kuyaharibu vibaya. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, maana mafuta yakirudi juu yanaweza kuingia mapafuni. Apelekwe haraka kwenye kituo cha afya, hata kama anajisikia vizuri.

Kabla ya kupanda

Kwa shofere asiye na garaji karibu, kinga ni bora kuliko ufundi wote huo. Bidoni iliyonunuliwa iachwe itulie kabla ya kumiminwa, na mabaki ya chini yasiingie tankini. Kimiminio kiwe na chujio la nyuzi ndogo sana, lisilotoa nyuzi zake. Tanki lisiachwe karibu tupu usiku kucha wakati wa mvua, kwa kuwa unyevu wa hewa hugeuka maji kwenye kuta zake. Filtri moja ya akiba, tiyo nusu mita na vibanio viwili vinaenea kwenye mfuko mdogo nyuma ya kiti.

Na gari ikizimika hata hivyo, jiwe liwekwe nyuma ya gurudumu, watu washuke, na mkono wa kwanza uende kwenye kifuniko cha tanki. Kisha kwenye chupa, filtri na tiyo. Pompi ije mwisho, baada ya nyingine zote kujibu. Kama kosa ni sashe iliyofungwa kwa mpira, mgonjwa aliye juu ya magunia atafika hospitali leo, na pesa ya pompi itabaki mfukoni mwa mwenye gari.